Kivimbe cha Tezi ya Thairoidi kwa Mwenye Historia ya Saratani katika Ukoo

Tezi ya thairoidi, iliyoko mbele ya shingo chini ya zoloto, huota vivimbe mara nyingi kuliko wengi wanavyodhani, na zaidi ya 9 kati ya kila 10 si saratani. Takwimu hiyo humtuliza mgonjwa wa kawaida, lakini haimtoshi yule aliyemzika ndugu kwa saratani. Kwake yeye, kabla ya kuuliza ukubwa wa kivimbe, ni lazima ijulikane ndugu huyo aliugua saratani ipi.

Tuseme mwanamke wa miaka 38 amegundulika na kivimbe cha milimita 9, naye anaeleza kuwa shangazi yake alifariki kwa “saratani ya shingo”. Maneno hayo hayajatosha. Katika Afrika Mashariki saratani ya umio ni ya kawaida, na wengi huiita saratani ya koo. Tezi za limfu zilizovimba shingoni nazo huingizwa humo humo. Na rovu litokanalo na upungufu wa madini joto si saratani. Mhudumu aulize iwapo shangazi alifanyiwa upasuaji wa shingo, alikuwa na umri gani, na kama kuna cheti chochote cha hospitali kilichohifadhiwa nyumbani. Karatasi moja ya maabara ya patholojia, hata iliyochakaa, yaweza kubadili mpango mzima.

Ikiwa ilikuwa saratani ya aina ya papilari, ndugu mmoja huongeza hatari kwa kiasi tu. Wakiwa wawili au zaidi miongoni mwa wazazi, watoto na ndugu wa kuzaliwa, tahadhari huwa kubwa zaidi. Aina ya medula ni jambo jingine. Takriban robo ya wagonjwa wake wameirithi kutokana na kasoro ya jeni iitwayo RET, na kila mtoto wa mwenye kasoro hiyo ana uwezekano wa nusu kwa nusu kuipata. Hapo hapatoshi kusubiri na kutazama: kipimo cha damu cha kalsitonini na cha jeni vifanyike, hata kama kivimbe ni kidogo.

Kwa wengine, ufuatiliaji hutegemea picha ya altrasaundi. Kingo zisizo sawa, chembechembe za chokaa na kimo kinachozidi upana ni dalili za kushuku. Chenye dalili hizo kikifikia milimita 10, kwa kawaida huchukuliwa seli kwa sindano nyembamba. Wapo wanaoikimbia sindano wakiamini kuwa “huamsha” saratani. Imani hiyo imewachelewesha wengi bila sababu.

Kivimbe cha kushukiwa kilichoachwa hurudiwa kupimwa baada ya miezi 6 hadi 12. Kisichotia shaka sana, miezi 12 hadi 24. Kutoka milimita 9 hadi 10 si kukua, kwani tofauti hiyo yaweza kuletwa na mkono wa mpimaji. Kinachohesabiwa ni ongezeko la asilimia 20 katika vipimo viwili au zaidi, lisilopungua milimita 2 kwa kila kipimo. Ndiyo maana mgonjwa aje na ripoti ya zamani kila mara.

Sauti ikikwaruza kwa wiki kadhaa, chakula kikikwama, au tezi ngumu ikitokea pembeni mwa shingo, asingoje tarehe ya kliniki.