Fahamu Koki ya Mtungi wa Gesi



Zamani hapa Malampaka mama aliyetaka kupika alikuwa na njia mbili tu: kuni au mkaa. Siku hizi mtungi wa gesi umeingia hata katika nyumba zilizo mbali na stesheni ya reli. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unakusudia kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi. Wakala wa Nishati Vijijini (REA) nao umesambaza mitungi ya kilo 6 kwa bei ya ruzuku. Sisi wauguzi tunalifurahia jambo hili, maana tunaona jinsi moshi wa kuni unavyowaumiza akina mama na watoto wachanga wanaobebwa mgongoni.

Lakini katika nyumba nyingi mtungi umefika kabla ya mafunzo. Mama mmoja aliletwa wodini akiwa ameungua mikono na uso. Alikuwa amebandika maziwa, akatoka nje kufunga ndama. Maziwa yakafura, yakamwagika, yakauzima moto. Aliporudi alikuta jiko limezimika, akadhani gesi imekwisha, akawasha kiberiti ajaribu tena. Mtungi wake haukuwa mbovu. Hakuna mtu aliyewahi kumweleza jinsi koki inavyofanya kazi. Basi, tujifunze leo.

1. Gesi ni kitu gani?

Ndani ya mtungi gesi imebanwa mpaka imekuwa kama maji. Ndiyo maana ukiutikisa unasikia inachezacheza. Lita moja ya maji hayo ikitoka hewani inakuwa karibu lita 250 za gesi. Kwa hiyo uvujaji mdogo unaweza kujaza jiko zima.

Gesi hii ni nzito kuliko hewa. Haipandi juu kama moshi, bali hushuka na kutambaa sakafuni kama maji, ikajikusanya kwenye pembe, chini ya kitanda na mahali watoto wanapolala juu ya mkeka. Yenyewe haina harufu. Huwekewa makusudi dawa yenye harufu ya kitu kilichooza, ili pua itutahadharishe. Sehemu 2 tu za gesi katika sehemu 100 za hewa zinatosha kushika moto.

2. Koki inafanyaje kazi?

Tazama valvu ya tairi la pikipiki. Katikati ina kijiti chembamba. Ukikibonyeza kwa ukucha, upepo unatoka. Ukikiachia, springi inakirudisha mahali pake na upepo unakoma. Koki ya mitungi mingi ya nyumbani imetengenezwa kwa namna hiyo hiyo.

Katika mtungi mdogo wa kilo 6, kichwa cha jiko hufungwa moja kwa moja juu ya mtungi. Unapokikaza, kinabonyeza kile kijiti na gesi inapanda. Hapo mlango wa kwanza umefunguka. Mlango wa pili ni kile kitufe cha kuzungusha unachotumia kuongeza na kupunguza moto. Katikati ya milango hiyo miwili pana kipete cha mpira kinachoziba maungio. Kipete kikichakaa, au mchanga ukiingia, gesi inavuja hata kama umefunga kitufe vizuri.

Mtungi mkubwa, kama ule wa kilo 15, una regulata inayokaa juu ya koki, na mpira mrefu unaokwenda kwenye jiko. Msukumo wa gesi ndani ya mtungi ni mkubwa, hata kuzidi upepo wa tairi la gari dogo. Jiko halihitaji nguvu hiyo. Ndani ya regulata mna ngozi ya mpira na springi. Msukumo ukizidi, ngozi inainuka na kuubana mlango. Msukumo ukipungua, springi inaisukuma ngozi chini na mlango unapanuka. Hivyo jiko linapata gesi taratibu, kwa msukumo mdogo usiobadilikabadilika.

3. Mlinzi ni nani?

Majiko mengine makubwa yenye oveni, na mashine za gesi za kupasha maji zinazotumika sana katika nchi za baridi, yana mlinzi wa ziada. Ncha ndogo ya chuma hukaa ndani ya moto. Ikipata joto inatoa umeme kidogo sana, umeme huo unaitia nguvu sumaku, na sumaku inashikilia koki iwe wazi. Moto ukizimika, ncha inapoa, sumaku inaachia, na springi inafunga gesi yenyewe.

Jiko la mtungi mdogo kwa kawaida halina mlinzi huyo. Upepo ukizima moto, au uji ukimwagika, gesi inaendelea kutoka kimyakimya. Mlinzi ni wewe mwenyewe. Hili ndilo neno kuu la somo letu: jiko likizimika, FUNGA KWANZA. Fungua milango na madirisha, subiri mpaka harufu iishe kabisa, ndipo uwashe kiberiti.

4. Mambo ya kuzingatia

(a) Mtungi usimame wima wakati wote wa matumizi. Ukilala, gesi ya maji inaweza kuingia kwenye koki na kutoka kwa wingi mno. Bodaboda akiuleta ukiwa umelazwa, usimamishe na kuuacha utulie kwanza.
(b) Kabla ya kufunga kichwa au regulata, hakikisha hakuna moto wowote karibu, na tazama kama kipete cha mpira kipo na ni kizima.
(c) Pima uvujaji kwa povu la sabuni. Paka kwenye maungio na kwenye mpira. Mapovu yakifura, gesi inavuja. Usipime kamwe kwa kiberiti.
(d) Washa kiberiti kwanza, kisha fungua gesi kidogo kidogo. Ukifungua gesi kwanza halafu ukaanza kutafuta kiberiti, gesi inajikusanya.
(e) Ukimaliza kupika, funga kitufe. Kama una regulata, ifunge pia pale mtungini kabla ya kulala.
(f) Usiweke mtungi karibu na jiko la mkaa, wala usiutie kwenye maji ya moto ili kumaliza gesi iliyobaki.
(g) Usiondoke jikoni wakati chungu kimejaa, hasa maziwa au uji.

5. Ukisikia harufu ya gesi

Usiwashe kiberiti wala kibatari. Usiguse swichi ya umeme, si kuwasha si kuzima, wala usitumie simu ukiwa ndani. Funga koki, fungua milango na madirisha, toa watoto na wazee nje. Kama mtungi bado unavuja na hauna moto, uutoe nje mahali pa wazi, mbali na moto wa majirani. Ukishindwa, ondokeni wote. Moto ukiwaka, pigieni Jeshi la Zimamoto na Uokoaji namba 114 mkiwa mbali na nyumba.

6. Huduma ya kwanza kwa aliyeungua

Nguo zikishika moto, mgonjwa asikimbie. Alale chini na kubingirika, au afunikwe blanketi zito. Kisha mwagia sehemu iliyoungua maji safi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20. Mvue pete, bangili na nguo zisizogandamana na ngozi. Funika jeraha kwa kitambaa safi na umpeleke hospitali.

Usipake dawa ya meno, mafuta, yai, majivu wala samadi. Wodini tunalazimika kuviosha vitu hivyo kwanza, na mgonjwa anaumia mara mbili. Aliyeungua uso, au anayekohoa na sauti imekauka, apelekwe haraka hata kama jeraha ni dogo, kwa sababu koo linaweza kuvimba na kuziba pumzi.

Maswali ya kujadiliana nyumbani

1. Nani katika nyumba yetu anajua kufunga koki ya mtungi? Je, watoto wakubwa na bibi wanajua?
2. Kibatari na jiko la mkaa tunaviweka umbali gani kutoka kwenye mtungi?
3. Lini tulipima mtungi wetu mara ya mwisho kwa povu la sabuni?

Baba, mama, jioni ya leo iteni watoto jikoni. Waonyesheni koki, na kila mmoja aifunge kwa mkono wake.