Ugumu wa Sumaku: Dhana Kabla ya Istilahi

Utangulizi

Mwanafunzi wa Kiswahili akikutana na istilahi "sumaku ngumu", huenda akadhani kuwa inarejelea sumaku isiyovunjika. Fasiri hiyo ni potovu. Makala haya yanadhamiria kubainisha dhana inayobebwa na istilahi hiyo kwa kurejelea aloi ya neodimiamu, chuma na boroni.

Dhana

Kisayansi, sumaku ngumu ni ile isiyopoteza usumaku wake kwa urahisi inapokabiliwa na uga wa sumaku ulioelekezwa kinyume. Asili ya jina hilo ni ya kihistoria. Sumaku za kudumu za kale ziliundwa kwa chuma cha pua kilichochovywa majini kingali moto ili kiwe kigumu, ilhali chuma laini kilipoteza usumaku upesi. Sifa mbili ziliandamana, zikapewa jina moja. Leo zimetengana: sumaku ya neodimiamu ni ngumu mno kisumaku, lakini ikianguka sakafuni hupasuka kwa wepesi.

Muundo

Aloi hii ilivumbuliwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 na Masato Sagawa nchini Japani na John Croat nchini Marekani, kila mmoja kivyake. Ugumu wake una vyanzo viwili. Kwanza, fuwele yake, ambayo kwa kila atomi 2 za neodimiamu ina 14 za chuma na 1 ya boroni, hupendelea usumaku ufuate mhimili mmoja tu. Pili, kuna mpangilio wa chembe. Poda ya aloi inapochomwa ili ishikane, sehemu yenye neodimiamu nyingi huyeyuka na kutandaa kati ya chembe, ambazo upana wake ni takriban maikromita 5. Utando huo ukizitenga vyema, chembe moja inayogeuza mwelekeo haiziambukizi jirani zake. Wahenga walisema umoja ni nguvu. Humu, utengano ndio nguvu. Ndiyo maana aloi mbili zenye viambajengo sawa huweza kutofautiana kwa ugumu.

Hitimisho

Inadhihirika kuwa kutafsiri neno kwa neno hakutoshi. Pengine "ukaidi wa sumaku" ungeibeba dhana hii vyema zaidi, ingawa neno "ugumu" lina faida ya kuwiana na istilahi za lugha nyingine. Vyovyote iwavyo, wanaistilahi hawana budi kuketi na wanafizikia kabla ya kuamua, kwani mwanafunzi anayepewa istilahi bila dhana amepewa ganda bila kiini.