Pima gitaa kwanza, ndipo uandike tangazo

Nauza ala za muziki za mtumba hapa Mji Mkongwe. Picha naweka mtandaoni, mteja akilipa nampelekea, akiwa Dar napakia kwenye boti. Mwaka jana niliuza gitaa la umeme kwa mpigaji wa taarab. Tangazo langu lilisema: "Mbao ngumu ya mahogani, sauti nzito." Kilo sikupima. Baada ya harusi moja akarudi nalo.

"Kaka, hili gitaa au jiwe la kusagia?"

Alipiga usiku mzima kasimama, bega likamfa ganzi. Nikamrudishia pesa yake yote.

Mahogani ya kwetu ni mkangazi, na wala si mti mzito sana. Kinacholemea ni unene wa bodi. Gibson Les Paul, iliyotoka 1952, ina mahogani nene na juu yake ubao wa mepo. Nyingi hufika kilo 4 au kuzidi. Fender Stratocaster ya 1954 ni nyembamba, imechongwa kufuata mbavu, nyingi huwa karibu kilo 3.5. Tena mti wa aina moja hautoi mbao za uzito mmoja, fundi yeyote wa milango atakwambia. Kwa hiyo jina la mti halitoshi, weka gitaa kwenye mzani. Mimi natumia ule wa kuning'iniza mabegi.

(Kuna wanaoulizia bodi ya mpingo. Jamani, mpingo unazama majini! Uacheni kwenye klarineti na ubao wa vidole.)

Sasa sauti. Kwenye udi, ubao wa juu ndio unaosukuma hewa, kwa hiyo mti una kazi kubwa. Gitaa la umeme si hivyo: sumaku za pikapu zinanasa mtikisiko wa nyuzi za chuma, amplifaya ndiyo inayotoa sauti. Wapigaji wanabishana mti unachangia kiasi gani, lakini pikapu na amplifaya zinachangia zaidi. Lile gitaa lililorudi nililibadilisha nyuzi na kuishusha pikapu kidogo kwa bisibisi, likawa kama gitaa jingine. Mbao ni ileile.

Usiuze sauti kwa jina la mti, basi. Rekodi video fupi, uonyeshe na vitufe vya amplifaya vilivyowekwa. Mti kama umefunikwa na rangi, fungua kifuniko cha nyuma penye nyaya uchungulie. Mara nyingi mbao huonekana humo. Ukiwa bado huna hakika, andika "mbao haijathibitishwa". Mteja hakimbii kwa hilo.

Tangazo la pili niliandika: "Kilo 4.6. Pikapu 2, nyuzi mpya. Ni zito, linamfaa anayepiga kakaa." Lilichukuliwa na kijana wa studio, siku ya tatu, na bei hakuomba kupunguziwa.