King'ora cha Motokaa Kinacholia Bure

Ndugu wanafunzi, pamoja nanyi mliokwisha kuondoka shuleni, leo nataka kuwapa somo dogo la umeme wa motokaa. Somo hili sikulipata kitabuni. Nililipata Kabalagala, katika mji wa Kampala, kwa gharama ya vioo viwili vya pembeni.

Nyumba yangu i karibu na barabara ya kwenda Ggaba. Wakaao Kampala wanajua kwamba Kabalagala hailali: muziki wa baa hulia mpaka usiku wa manane, na bodaboda hupita wakati wote. Mwaka jana king'ora cha gari langu kilianza kulia kila usiku, wala hapakuwa na mtu. Mwanzoni nilishuka kukizima. Usiku mmoja nilichoka, nikajifunika shuka. Majirani nao hawakutoka, na askari wa lango hakuondoka kitini. Kulipokucha, vioo vya pembeni vimekwenda. Askari akaniambia, "Mzee, gari lako limetuzoeza uongo."

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Basi nikaanza kutafuta sababu, moja baada ya moja.

Kwanza, betri. Pima kwa mita asubuhi, kabla ya kuwasha injini. Betri ya volti 12 iliyojaa huonyesha kadiri ya 12.6, ikionyesha 12.2, imebaki nusu hivi. Umeme ukipungua, ving'ora vingine hudhani kwamba mtu amekata waya. Betri yangu ilionyesha 12.5, nikajua kosa haliko hapo.

Pili, swichi za milango na boneti. Swichi ya boneti hukaa penye vumbi, maji na joto, kwa hiyo hushika kutu upesi. Boneti isipoikandamiza sawasawa, king'ora huamini kwamba boneti i wazi. Yangu ilikuwa na kutu. Niliisafisha, nikaikaza mahali pake. Kwa siku tatu palikuwa kimya, nikadhani nimemaliza kazi. Lakini Ijumaa, muziki ulipozidi, kikalia tena.

Tatu, basi, ni chombo cha kuhisi mtikisiko. Mara nyingi hufungwa chini ya dashibodi, nacho huwa na skrubu ndogo ya kuongeza au kupunguza ukali. Niliizungusha kidogo tu upande wa kupunguza, nikafunga gari, nikagonga kioo cha mbele kwa kiganja. Kikigongwa polepole kisilie. Kikigongwa kwa nguvu kilie. Msikipunguze mno, maana mlinzi kiziwi hana faida kuliko mlinzi mwongo.

Mnaona kwamba makosa yalikuwa mawili, si moja. Kwa hiyo badilisheni kitu kimoja, kisha ngojeni siku chache. Mkibadilisha vitatu kwa pamoja, hamtajua ni kipi kilichoponya, na ugonjwa ukirudi mtaanza upya.

Kazi ya mwisho haikuhitaji bisibisi. Nilikwenda kwa majirani, mlango kwa mlango, nikawaomba radhi kwa usingizi niliowaharibia, nikawaambia kwamba gari sasa linasema kweli. King'ora hakimkamati mwizi. Huita watu tu. Watu wasipokiamini, hata kiwe kizima namna gani, ni kelele tupu.