Mafundi wa bodi: kutu inayorudi huanzia kwenye maungio

Mvua ya masika inapoanza mwezi Machi, mafundi wa bodi wa Kawangware na Kibera hupokea malalamiko ya aina moja. Gari lililopakwa rangi miezi michache iliyopita limerudi, rangi imeinuka kando ya mlango, na kutu inachungulia. Mteja huilaumu rangi. Mara nyingi rangi haina kosa: maji yalipenya pale vipande viwili vya bati vinapokutana, kwa sababu kilichozibia hapo hakikufaa.

Kiwandani, maungio hayo huzibwa kwa gundi maalum inayonyumbuka kama mpira. Fundi anapokata bati lililooza na kuchomelea jipya, gundi hiyo huungua, na ni lazima nyingine iwekwe mahali pake. Wengi huziba kwa fila. Fila hukauka ikawa ngumu kama kigae. Gari likipita kwenye mashimo na matuta, bodi hujinyonga na fila hupasuka. Zaidi ya hayo, hufyonza maji. Kazi yake ni kusawazisha bati lililobonyea, basi.

Wengine hutumia silikoni ya kuzibia sinki na madirisha, ile inayopatikana katika kila duka la hadawea. Bei yake inavutia, lakini rangi haishiki juu yake, na mabaki yake yakisambaa kwenye bati rangi hutoka na vijishimo. Yenye harufu ya siki ni mbaya zaidi: harufu hiyo ni asidi inayotoka inapokauka, nayo hula chuma.

Kabla ya kununua, soma mrija. Uwe umeandikwa kuwa ni wa maungio ya bodi ya gari na kwamba unaweza kupakwa rangi. Gundi ya poliurethani inafaa kazi nyingi: milango, sakafu, buti. Hukauka kwa unyevu wa hewa, kwa hiyo mrija uliofunguliwa wiki iliyopita huenda umeganda ndani, na mrija uliopitwa na tarehe ni hasara hata ukiuziwa nusu bei. Gundi ya mpira inayochanganywa na thina hupakwa kwa brashi na ni rahisi, lakini husinyaa inapokauka. Isitumike kwenye nafasi pana. Ile ya sehemu mbili zinazochanganywa hukauka haraka, nayo ni ghali.

Gundi nzuri haiokoi kazi mbaya. Chomelea kwanza, sugua kutu mpaka chuma king'ae, paka praima, iache ikauke, ndipo uzibe. Rangi isubiri muda ulioandikwa kwenye mrija, hata mwenye gari akipiga simu kila saa.

Kwa matatu kuna hatari nyingine. Ungio lililo wazi sakafuni au nyuma huingiza moshi wa ekzosi ndani, na moshi huo una kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu inayoweza kuua. Abiria hawezi kuiona wala kuinusa.

Fundi naye ajilinde. Poliurethani ina kemikali zinazoweza kuleta pumu. Fanya kazi penye hewa, vaa glavu, na usichomelee karibu na gundi, kwani moshi wake ni sumu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga, na mwenye gereji anayeajiri vijana wawili watatu ni mwajiri pia.

Mwenye gari ana haki ya kuomba kuona maungio kabla rangi haijapakwa. Aangalie pia vitobo vidogo vilivyo chini ya milango. Hivyo viliwekwa kiwandani ili maji yatoke, na fundi aliyevifunika kwa gundi amefungia maji ndani ya mlango.