Kunyumbuka na Kufinyangika: Suala la Istilahi katika Kauri Amofasi

Chombo cha kauri kikianguka sakafuni huvunjika. Hakipindiki wala hakibonyei. Ujuzi huu umo katika lugha yenyewe: kitenzi finyanga hutumika kwa udongo mbichi, na ukishachomwa haufinyangwi tena. Ndiyo maana utafiti uliochapishwa mwaka 2019 na Erkka Frankberg na wenzake unagusa fizikia na istilahi kwa pamoja. Watafiti hao walionyesha kuwa utando wa oksidi ya alumini usio na fuwele, wenye unene wa makumi ya nanometa tu, huweza kuvutwa na kubanwa hadi ukabadilika umbo na kubaki hivyo bila kuvunjika, tena katika halijoto ya kawaida ya chumba.

Mpira ukivutwa kisha ukaachwa hurudi ulivyokuwa. Huko ni kunyumbuka. Waya wa shaba ukipindwa kupita kiasi hubaki umepindika. Kuliita badiliko hili la pili "la kiplastiki" ni kupotosha, kwa kuwa plastiki kwa msemaji wa Kiswahili ni ndoo na mfuko, si tabia ya maada. Mwanafunzi atadhani kauri imegeuka plastiki. Kufinyangika kunafaa zaidi: shina lina wazo la umbo linalodumu, na kiambishi -ik- kina maana ya uwezekano wa kutendwa. (Kiambishi hicho hicho, bila shaka, ndicho kilichomo katika vunjika.)

Katika metali, atomi zimejipanga safu kwa safu, na kasoro za mpangilio huo husafiri ndani yake zikiziwezesha safu kuteleza. Kauri amofasi haina safu za namna hiyo. Katika utando uliotajwa, vifungo vya atomi hukatika na kuungana upya na atomi jirani, kidogo kidogo, mfano wa kimiminika kizito kinavyotiririka. Lakini sharti lake ni kali: utando uwe umeshikamana barabara, usiwe na matundu wala nyufa. A. A. Griffith alikwishaonyesha mwaka 1921, kwa nyuzi za kioo, kuwa nyufa ndogo ndizo zinazokivunja kioo kabla hakijafikia nguvu yake halisi. Wembamba husaidia kwa kupunguza nafasi ya ufa kuwamo.

Kwa hiyo kivumishi tete, kinapotumiwa kwa oksidi hii, kielezwe kuwa ni sifa ya kipande chenye kasoro, si ya dutu yenyewe.