Mwongozo kwa Walimu wa Ushauri Nasaha na Wahudumu wa Afya: Picha za Ubongo na Hatari ya Kujiua kwa Vijana Wenye Sonona

1. Lengo

Shirika la Afya Duniani linataja kujiua kuwa sababu ya tatu ya vifo vya vijana wa miaka 15 hadi 29. Mwongozo huu unamweleza mwalimu wa ushauri nasaha, muuguzi na mhudumu wa afya ya jamii kile ambacho picha za ubongo zimefundisha kuhusu hatari hiyo, na wajibu wake anapokutana na kijana mwenye sonona.

2. Utafiti umeonyesha nini

Mashine ya MRI hupiga picha ya ubongo kwa nguvu ya sumaku. Huonyesha umbo lake, na pia sehemu zinazopokea damu zaidi wakati mtu anapofikiri au kuguswa na jambo. Mwaka 2020 jarida la Molecular Psychiatry lilichapisha mapitio ya tafiti 131 zenye washiriki zaidi ya 12,000. Mapitio hayo yalielekeza macho kwenye mifumo miwili ya sehemu ya mbele ya ubongo:

(a) Mfumo wa hisia. Ukiyumba, uchungu huzidi na mambo mema hayamgusi tena kijana.

(b) Mfumo wa kujizuia na kupima uamuzi. Ukilegea, kijana hushindwa kuona njia nyingine, na wazo laweza kugeuka kitendo.

Sehemu hii ya ubongo huendelea kukomaa hadi mtu anapopita umri wa miaka 20. Kwa hiyo usimwambie kijana kwamba anajidekeza au hana imani. Anaumwa.

3. Mipaka ya picha

Matokeo haya ni wastani wa makundi ya watu. Hakuna picha inayoweza kusema kwamba kijana huyu atajiua na yule hatajiua. Mwaka 2017 utafiti mmoja wa Marekani ulidai kuwatambua vijana wenye mawazo ya kujiua kwa usahihi wa asilimia 91, ukiwa umelinganisha watu 17 na wengine 17. Mwaka 2023 makala yake iliondolewa rasmi jaridani kwa sababu ya kasoro katika uchambuzi. Mzazi akiuliza kama auze mali ampeleke mwanawe akapigwe picha ili hatari ijulikane, mweleze ukweli huu.

4. Hatua za kuchukua

(a) Uliza waziwazi, faraghani: "Je, umewahi kufikiria kujiua? Umepanga namna? Umepanga lini?" Tafiti hazijaonyesha kwamba kuuliza hupandikiza wazo hilo.

(b) Sikiliza bila kukemea wala kuhubiri. Usiahidi kutunza siri inayohusu uhai wake.

(c) Akiwa na mpango au nia, asiachwe peke yake hata dakika moja. Mfikishe kituo cha afya siku hiyohiyo, ukifuatana na mlezi anayemwamini.

(d) Waelekeze walezi wafungie dawa za hospitali, sumu za shambani na kila kitu cha hatari. Saa ya hatari, uwezo wa kujizuia hupungua. Kitu kikiwa mbali, kijana hupata muda wa wimbi kupita.

(e) Akitulia, andikeni pamoja mpango wa usalama: dalili zake za kuzidiwa, vinavyomtuliza, na watu wa kuwaita. Akizidiwa hataweza kuyatafuta hayo.

(f) Mfuatilie baada ya kutoka hospitalini. Wiki za mwanzo ni za hatari kubwa.

5. Wito

Wanasayansi waendelee na kazi yao, maana siku moja inaweza kutupatia tiba bora. Lakini kijana aliyekaa mbele yako leo hawezi kuisubiri siku hiyo. Muulize leo, msikilize, na usimwache aondoke peke yake.